Margaret Alikuwa Wapi?

Nilitaka kuwa Beatrice.

Kikundi chetu cha maigizo hapa Tanga kilipokubaliana kuiweka jukwaani Much Ado About Nothing ya Shakespeare, kwa Kiswahili tulichokifasiri wenyewe kwa kupokezana kurasa, nilichukua daftari la tafsiri nikaenda nalo nyumbani. Kulipokucha nilikuwa nimeshajichagulia nafasi. Beatrice anaishi kwa mjomba wake Leonato, liwali wa Messina kule Sicily. Analala kitanda kimoja na binamu yake Hero, binti wa liwali. Ana ulimi usiokosa jibu. Mimi nililelewa kwa mjomba, Ngamiani, nikalala kitanda kimoja na binamu yangu kwa miaka sita, na nyumbani wananijua kwa maneno. Niliona huyu ni mimi kabisa.

Mwalimu anayetuongoza, mama mstaafu aliyesomesha Kiswahili sekondari tangu ujana wake, alinisikiliza nikisoma kurasa tatu za Beatrice. Akafunga daftari.

"Umesoma vizuri," alisema. "Wewe utakuwa Margaret."

Nilikuwa nimeisoma tamthilia nzima usiku kucha, na sikukumbuka Margaret ni nani.

Nianze na wale wanaokumbukwa. Vita vimekwisha, na Don Pedro, mwana wa mfalme wa Aragon, anafika Messina na vijana wake wawili: Claudio wa Florence na Benedick wa Padua. Claudio anampenda Hero. Benedick na Beatrice wanatukanana. Hapo ndipo sisi watu wa huku tulipoielewa tamthilia kabla hata ya kuifanyia mazoezi, maana Leonato anamweleza mjumbe kwamba baina ya wawili hao kuna vita vya furaha, kila wakikutana ni mapigano ya maneno. Fundi umeme aliyepewa nafasi ya Benedick aliposikia hivyo alisema, "Aa, kumbe ni watani." Hatukuhitaji maelezo mengine. Kijana wa kikundi aliyezaliwa Dar alisema ni kama Mzaramo na Mnyamwezi, tukaendelea.

Kiingereza kina neno moja kwa mjomba na amu, kwa hiyo tamthilia haisemi Leonato ni ndugu wa mama au wa baba yake Beatrice. Kiswahili hakikuturuhusu kukwepa. Tulibishana jioni nzima. Mwishowe tukamfanya mjomba, kwa sababu mtoto wa mjomba ni binamu, na binamu ni mtani, na nyumba ya Leonato imejaa utani kuanzia sebuleni hadi jikoni.

Lakini utani una sheria zake, na Shakespeare, ambaye sidhani aliwahi kulisikia neno hili, amezifuata zote. Mtani anakutukana ukiwa mzima. Ukipotea, yeye ndiye wa kwanza kukuulizia. Neno la kwanza kabisa la Beatrice jukwaani ni kuuliza kama Benedick amerudi kutoka vitani. Anamuuliza kwa jina la kejeli, lakini ameuliza yeye, na kabla ya mtu mwingine yeyote. Na kukiwa na msiba, mtani ndiye anayefika, anayekaa, anayefanya kazi ambazo wengine wanazikimbia. Kanisani, siku ya harusi, Claudio, aliyedanganywa usiku uliotangulia kwamba Hero ana mwanamume mwingine, anapomkataa mbele ya padri na watu wote, Hero anaanguka na kuzimia. Don Pedro anaondoka, Claudio anaondoka, na Don John, ndugu haramu wa Don Pedro aliyeipanga fitina yote, anaondoka nao. Benedick alikuja na watu hao. Amepigana vita nao. Angeweza kutoka nao na hakuna ambaye angemlaumu. Anabaki. Na neno lake baada ya wenzake kutoka ni kuuliza bibie ana hali gani.

Kwangu mimi mapenzi ya wawili hawa yanathibitika hapo. Kule bustanini, ambako kila mmoja anasikilizishwa uongo kwamba mwenzake anakufa kwa kumpenda, watu wanacheka sana na wana haki ya kucheka. Lakini fundi umeme wetu alikuwa na neno lake kuhusu hilo: bustanini Benedick anaambiwa tu anapendwa, na nani hafurahi akiambiwa anapendwa. Kanisani anatakiwa kuchagua.

Dakika chache baadaye anamwambia Beatrice, niagize lolote nikufanyie. Beatrice anajibu, "Muue Claudio." Maneno mawili, kwa Kiingereza mawili vilevile. Usiku wa kwanza ukumbi ulicheka, ukakatika kicheko katikati, na kile kimya kilichofuata sijawahi kukisikia mahali pengine.

Claudio sitamwandikia mengi. Anapomwomba Don Pedro msaada wa kumpata Hero anaanza kwa kuuliza kama Leonato ana mtoto wa kiume, na anaambiwa Hero ndiye mrithi pekee. Kijana aliyemwigiza alijitahidi sana kumtafutia udhuru: ni mdogo, ametoka vitani, amedanganywa na watu wazima. Yote kweli. Lakini angeweza kwenda kwa mchumba wake usiku uleule akamuuliza. Alingoja asubuhi, akangoja nguo zivaliwe na padri afike, ndipo akamwambia Leonato asimpe rafiki yake chungwa hili bovu. Kwa wakazi wa Tanga, waliozoea kuona malori ya machungwa ya Muheza yakipita kila msimu, mstari ule haukuhitaji fundi wa tafsiri. Kila mmoja ameshawahi kununua chungwa linalong'aa nje na ndani limeoza. Wanawake wa safu ya mbele waliguna kwa pamoja.

Kuna mstari wake mwingine uliotupa shida zaidi. Mwishoni, Claudio, akiamini Hero amekufa kwa fedheha ile, anapokubali kuoa msichana asiyemwona uso ili kumfidia Leonato, anasema hatabadili nia hata kama msichana huyo angekuwa Mhabeshi, yaani mweusi. Hayo ni maneno ya Uingereza ya mwishoni mwa karne ya 16, na mwandishi aliyaweka ili kupima ukubwa wa kafara ya Claudio. Wengine wetu walitaka yaondolewe. Mwalimu alisikiliza kila mtu kisha akasema yabaki. Kijana aliyasema wazi bila kuyaharakisha, na Hero wetu, mweusi kama sisi sote, akageuka akatazama ukumbi kupitia utaji wake kwa muda mrefu kabla ya kuufunua. Nadhani ulikuwa uamuzi sahihi.

Nirudi nyuma kidogo, kwa Dogberry, kwa sababu bila yeye Margaret haeleweki.

Dogberry ni mkuu wa walinzi wa usiku. Sisi tulimfanya mkuu wa sungusungu. Anapenda maneno makubwa na kila neno kubwa linamponyoka, na hapo tafsiri ilitupa zawadi: kwa Kiingereza anachanganya maneno mawili ya kipolisi, kwa Kiswahili akawa anakuja mbele ya liwali kifua mbele na kutangaza, "Mheshimiwa, tumewakamata washukuriwa wawili." Dereva wa bodaboda aliyekuwa na nafasi hiyo alishangiliwa kila alipotokea.

Ila angalia lini anatangaza. Walinzi wake wamemsikia usiku Borachio, mtu wa Don John, akijisifu kwa mwenzake jinsi alivyopata dukati 1,000, sarafu za zamani za dhahabu, kwa kazi ya kumchafua Hero. Wamemkamata. Asubuhi, kabla ya harusi, Dogberry anakwenda kwa Leonato kumwarifu. Ukweli wote umesimama mlangoni. Leonato anavaa, ana haraka, anawaambia majirani mnachosha, anawaagiza wahoji wenyewe watuhumiwa hao, anawakaribisha mvinyo kabla hawajaondoka, anakwenda kanisani. Mtu ambaye angemwokoa mwanawe hakuwa na lugha ya kusikilizwa. Mzee mmoja aliyekuja kutazama mazoezi alipiga goti lake kwa kiganja na kusema kwa sauti, "Msikilize basi!" Hakujua kwamba amesema.

Tamthilia yote ni ya kusikiliza. Jina lenyewe lina mchezo huo: wakati wa Shakespeare, neno la Kiingereza la "si kitu" lilitamkwa karibu sawa na neno la kuangalia na kutega sikio. Watu wanajificha nyuma ya miti, wanavaa vinyago na kuulizana habari, wanasimama gizani chini ya madirisha. Wanaosikia vibaya wanaharibu, na wanaosikia sawasawa hawasikilizwi.

Na yupo mmoja anayejua, ambaye hahitaji kusikia kwa mtu.

Margaret ni mmoja wa wanawake wa nyumbani kwa Leonato wanaomhudumia Hero. Fitina ya Don John inasimama juu ya mwili wake. Usiku wa kuamkia harusi Borachio anamvuta kwenye dirisha la chumba cha Hero, na Margaret amevaa nguo za bibi yake. Claudio na Don Pedro wamewekwa bustanini watazame. Tukio hilo Shakespeare hakulionyesha. Tunalisikia kwa masimulizi tu. Katika filamu ya 1993, ile ambayo Denzel Washington ni Don Pedro, walilionyesha, na ukiliona kwa macho unaweza kumwelewa Claudio kidogo. Shakespeare hakukupa nafasi hiyo.

Borachio anapoupanga mpango kuna sentensi iliyowasumbua wahariri kwa muda mrefu. Anasema yeye atamwita Margaret kwa jina la Hero, na Margaret atamwita yeye Claudio. Wengine wamesema ni kosa la uchapaji, Claudio hawezi kuamini mchumba wake anamsaliti na mtu anayeitwa Claudio, wakabadilisha jina. Mimi nilisema mistari ya Margaret kwa miezi mitatu na sidhani kuna kosa. Nadhani mtumishi na mwenzake walikuwa wanacheza mchezo wa kuwa mabwana. Yeye Hero, huyu Claudio, harusi kesho, nguo nzuri mwilini. Baadaye sana Margaret anamuuliza Benedick, je, nitabaki chini ya ngazi siku zote? Amelisema kwa kutaniana, na tafsiri yetu ya kwanza ililiacha kwenye utani. Nililisema jukwaani mara nyingi kabla ya kusikia nilichokuwa nikisema. Mwanamke huyu ana akili kama ya Beatrice na hana mjomba liwali.

Kuna asubuhi yake moja tu kubwa. Hero anavaa, Margaret anabishana naye kuhusu kola, anasimulia gauni la mke wa mtawala wa Milan, anamtania bibi harusi maneno ya chumbani kama somo wa kweli. Beatrice ana mafua, Margaret anamshauri dawa ya mmea unaoitwa carduus benedictus, ili tu jina la Benedick lipite hewani na Beatrice ashtuke. Ni furaha tupu. Halafu bwana harusi anafika na Hero anasema, nisaidieni kuvaa, binamu mwema, Meg mwema, Ursula mwema.

Meg mwema ni Margaret. Saa chache zilizopita alikuwa dirishani.

Wanakwenda kanisani. Maelekezo ya jukwaani ya chapa ya kwanza, ya mwaka 1600, yanawataja wanaoingia: Don Pedro na nduguye, Leonato, padri, Claudio, Benedick, Hero na Beatrice. Margaret hayumo. Aliyemvisha bibi harusi hayupo harusini. Hero anaulizwa mbele ya watu ni mwanamume gani aliyeongea naye dirishani jana usiku, na mtu pekee anayeweza kujibu kwa sentensi moja, nilikuwa mimi, hayumo ndani ya ukurasa.

Chapa hiyohiyo ina mtu mwingine wa kunyamaza. Inamtaja Innogen, mke wa Leonato, mama yake Hero. Anatajwa kuingia, hasemi neno moja, kisha mwandishi anamsahau. Wachapishaji wengi walimwondoa kabisa. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka mke wa mjomba wangu, na jinsi alivyokuwa akipanga vikombe kabatini siku ile, kimoja kimoja, bila kugeuka.

Mwalimu alinisimamisha katikati ya mazoezi ya wiki ya tano.

"Asubuhi umemvisha. Kanisani huonekani. Uko wapi?"

Nilisema labda jikoni, kuna karamu.

"Kelele za kanisani hazikukufikia? Mji mzima unasema Hero amekufa. Wewe umejua lini kwamba ni kwa ajili yako?"

Sikuwa na jibu.

"Nenda nyumbani. Jumatano uniletee jibu. Usiniletee la vitabuni."

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka 22 na binamu yangu 20. Alikuwa ameposwa, mahari imetolewa, siku ya nikaha imepangwa, zimebaki siku tisa. Mimi nilikuwa na siri yangu, kijana mwenye studio ya picha, ambaye mjomba asingekubali hata salamu yake ifike nyumbani. Tulikuwa tumepiga picha pamoja. Hazikuwa na aibu yoyote zaidi ya kwamba tulikuwa wawili ndani yake na tunacheka. Jioni moja mjomba alisema kesho atapita studio ile kupiga picha za pasipoti. Mwili ulinifa ganzi. Nilijua picha zetu ziko juu ya meza pale, na mimi nilikuwa na zamu ya jikoni, siwezi kutoka. Nikamwomba binamu yangu anikimbilie. Alivaa baibui, akatoka baada ya magharibi, akapitia mlango wa nyuma kama nilivyomwelekeza, akarudi na bahasha. Hakuifungua na hakuuliza.

Wanawake wawili walimwona akitoka.

Habari ilimfikia shangazi wa bwana harusi kabla ya adhuhuri ya siku ya pili, na njiani ilikuwa imeshakua. Mshenga alikuja, akakaa muda mfupi, akakataa kahawa. Alipoondoka mjomba alimwita binamu yangu sebuleni, akamuuliza alikwenda wapi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia mkononi. Binamu yangu alinitazama mara moja, kisha akatazama chini, na hakusema. Alipigwa. Sinia ile nilikuwa bado nimeishika yalipokwisha.

Mahari ilirudishwa. Yeye alipelekwa Muheza kwa bibi, na watu wakaambiwa amekwenda kumwangalia bibi, mgonjwa. Padri wa Messina naye ana mpango kama huo: afichwe, asemwe amekufa, na ukweli usipojulikana akamalizie maisha yake mafichoni. Kwa Hero ukweli unajulikana, kwa sababu sungusungu walikuwa macho. Sisi hatukuwa na sungusungu. Tulikuwa na mimi.

Kwa nini sikusema? Nilimwogopa mjomba, hilo la kwanza. La pili ni gumu zaidi kuliandika: nilikuwa nikiishi nyumba ile kwa hisani, na nilijua yeye ni mtoto wa nyumba na mimi ni mtoto wa kulelewa. Yeye wangemsamehe siku moja. Mimi wangenifukuza. Nilijipa hesabu hiyo usiku, katika kitanda kilichokuwa kikubwa ghafla, na ilinitosha kulala. Margaret angeielewa. Leonato mwishoni anasema Margaret alikuwa na sehemu ya kosa, ingawa bila kutaka, na Borachio anaapa kwamba hakujua alichokuwa akifanya. Ninaamini usiku wa dirishani hakujua. Asubuhi iliyofuata sina hakika tena.

Tena kuna Beatrice. Kanisani hana ushahidi wowote. Benedick anamuuliza kama jana usiku alilala na Hero, na analazimika kusema hapana, ingawa mwaka mzima kabla ya jana walilala pamoja. Jibu hilo linamuumiza Hero zaidi, na Leonato analidaka palepale. Lakini Beatrice ameshaapa kwa roho yake kwamba binamu yake amesingiziwa, na harudi nyuma. Yeye hana lolote ila kumjua mwenziwe. Mimi nilikuwa na bahasha chini ya godoro.

Jumatano nilimjibu Mwalimu hivi: Margaret yupo kanisani. Amesimama nyuma.

Alinitazama kwa muda. "Basi utasimama," alisema. Hakuuliza zaidi, na kwa hilo ninamheshimu mpaka leo.

Tulicheza Ijumaa na Jumamosi. Usiku wote wawili, wakati Hero anaanguka, nilikuwa nyuma kabisa ya kundi la waumini nikiwa na maua ya bibi harusi mkononi, bila mstari, kwa sababu Shakespeare hakunipa na Mwalimu hakuniongezea. Sijui watu wangapi waliniona. Jumamosi, mwanamke aliyekuwa Beatrice, nesi, mdogo wangu kwa miaka kumi, alilia machozi ya kweli akisema binamu yangu amesingiziwa, binamu yangu ameharibiwa, na alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Watazamaji waliikumbuka sauti yake, nao wana haki. Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza katika nakala yake aliandika kwa mkono majina ya Benedick na Beatrice kando ya jina la tamthilia. Tangu zamani watu wanakuja kwa ajili ya hao.

Jumapili asubuhi nilipanda basi la Muheza.

Binamu yangu ni fundi cherehani. Aliolewa huko, ana watoto watatu, na wiki ile alikuwa na sare za shule za kumaliza. Tulitaniana mlangoni kama kawaida yetu, akanipa kigoda. Nikamwambia nimekuja kwa jambo la 2003. Mguu wake haukuacha kukanyaga. Nilisema yote, hata hesabu yangu ya usiku, na yeye akashona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Nilidhani utasema siku ileile," alisema. "Halafu nikadhani utasema Idi, nitakaporudi. Halafu nikaolewa nikaacha kungoja."

Nilimwomba radhi. Alikunja ile sketi, akaiweka juu ya nyingine, akachukua kitambaa kipya.

"Mimi najua ulichofanya. Asiyejua ni baba. Nenda kwa baba, na usimwambie kwa simu."

Hakuniruhusu kuondoka bila kula. Tulikula wali na samaki, akaniuliza habari za tamthilia, nikamweleza. Aliposikia kwamba Hero katika tukio la kwanza ana sentensi moja tu, na sentensi yenyewe ni ya kuwaeleza watu Beatrice anamzungumzia nani, alitabasamu kidogo. Alipenda pia jina la Dogberry.

Nilifika Ngamiani baada ya alasiri. Mjomba alikuwa barazani, kwenye kiti chake cha ukindu. Shikamoo, marahaba, habari za kazi. Nilikaa chini, kwenye mkeka, nikaanza kabla moyo haujageuka. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo sikulizoea kwake. Nilipomaliza aliuliza, "Studio ile ya karibu na soko?"

"Ndiyo, mjomba."

"Nilikwenda pale kesho yake. Yule kijana alinipa kiti."

Watoto walikuwa wakicheza mpira barabarani na ulimgonga mguuni. Aliuangalia mpaka walipokuja kuuchukua.

"Nilimpiga," alisema. "Hapo." Akaonyesha ndani, sebuleni, mahali ambapo sasa kuna friji.

Sikusema kitu. Mke wa mjomba alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Niliona miguu yake.

"Nipigie mwanangu," mjomba alisema. "Mimi namba sizioni."

Nikabonyeza namba, nikamwekea simu mkononi, nikahakikisha ameielekeza sikioni. Nilisikia upande wa pili ikipokelewa, na sauti ya cherehani, na cherehani ikisimama. "Baba?"

Nikainuka, nikavaa ndara, nikatembea hadi kona ya barabara, pale ambapo sauti ya barazani haifiki.